Wanyama Wenye Uti wa Mgongo na Wasio Nao: Namna ya Kuwafundisha Watoto wa Miaka 4 hadi 7

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Mzazi anauliza kama nyoka ana mifupa. Mwalimu anayeanza kazi anauliza kaa amweke upande gani. Mwingine anaeleza kwamba watoto wake wameimba "wenye uti, wasio na uti" wiki nzima, na bado wanamweka kobe pamoja na konokono kwa sababu wote wawili wana nyumba mgongoni. Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu. Hapa nayaweka pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Shida kubwa ya somo hili ni kwamba uti wa mgongo hauonekani. Umefichwa chini ya ngozi, manyoya na nyama. Anachokiona mtoto ni ukubwa, ugumu, idadi ya miguu na jinsi mnyama anavyotambaa. Ukimwekea picha mezani siku ya kwanza na kumwambia apange, atapanga kwa anachokiona: wakubwa huku, wadogo kule, wagumu huku, laini kule. Utamsahihisha, naye atakariri majibu yako bila kuelewa. Kwa hiyo picha zinakuja mwisho. Kwanza mpe uti wa mgongo aushike: wa kwake mwenyewe, kisha wa kutengeneza, kisha wa samaki.

Panga siku tatu, dakika 20 hadi 25 kila siku. Ukiyabana yote katika kipindi kimoja, watoto wa miaka 4 watachoka kabla hujafika kwenye sehemu tamu.

Maneno matatu ya kunyoosha kwanza

Nimeona masomo mengi ya aina hii yakikwama kwenye lugha kabla ya kukwama kwenye sayansi.

*Mnyama.* Katika mazungumzo ya kila siku, mnyama ni yule mwenye miguu minne na manyoya. Ndege ni ndege, samaki ni samaki, nzi ni mdudu. Mtoto anayesema "kuku si mnyama" anasema alivyosikia nyumbani, na hajakosea Kiswahili. Mwambie wazi: "Katika somo letu, kila kiumbe kinachokula na kujongea tutakiita mnyama. Kuku ni mnyama. Nzi ni mnyama. Mimi na wewe pia." Kwa umri huu maelezo hayo yanatosha. Rudia kila siku unapoanza.

*Mdudu.* Neno hili tunalitumia kwa karibu kila kitu kidogo kinachotambaa: mende, buibui, mnyoo, wakati mwingine hata mjusi. Usilifanye jina la kundi. Ukisema "wadudu hawana uti wa mgongo," mtoto aliyezoea kusikia mjusi akiitwa mdudu atampeleka mjusi huko, na kosa litakuwa lako.

*Pingili.* Hili ndilo linalowapata hata walimu wazoefu. Uti wa mgongo una pingili. Mwanzi una pingili. Na jongoo naye mwili wake ni pingili tupu. Mtoto mwerevu atakwambia jongoo ana uti wa mgongo kwa sababu wewe mwenyewe umesema uti ni pingili zilizofuatana. Siku mbili za kwanza liache neno hilo kabisa. Sema "mnyororo wa vifupa". Pingili italetwa siku ya tatu, wakati mtoto ameshajua kwamba tunatafuta mfupa, tena ndani ya mwili.

Vitu vya kuandaa

- Picha 20 za wanyama, kubwa na safi. Wenye uti wa mgongo: paka, twiga, popo, kuku, mbuni, nyoka, kobe, chura, samaki wa kawaida, papa. Wasio nao: kipepeo, nyuki, mende, buibui, jongoo, nyungunyungu, konokono, kaa, pweza, kiti cha pweza (yule wa baharini mwenye umbo la nyota).
- Kamba ya kiatu au uzi mnene kwa kila mtoto.
- Mirija ya kunywea iliyokatwa vipande vya sentimita 2. Karatasi ngumu iliyoviringishwa na kugundishwa inafaa pia.
- Sifongo ya kuoshea vyombo, iliyokatwa vipande vidogo na kutobolewa katikati.
- Udongo wa kufinyangia.
- Puto refu la kujaza maji, na la akiba.
- Rula ndefu na kitambaa cha kuifungia.
- Uti wa mgongo wa samaki mkubwa, uliochemshwa, ukasafishwa na kukaushwa juani.
- Chupa pana inayoonyesha ndani, yenye mfuniko uliotobolewa, na kioo cha kukuzia kama kipo.
- Chaki ya kuchora duara tatu sakafuni.
- Maji na sabuni.

Picha ziwe nusu kwa nusu, kama zilivyo hapo juu. Vitabu vingi vya watoto vimejaa simba, tembo na ng'ombe, halafu wadudu wawili pembeni. Hali halisi ni kinyume: kati ya kila aina 100 za wanyama wanaojulikana, zaidi ya 95 hazina uti wa mgongo. Mtoto asidhani hao ni wachache waliosahaulika.

Tahadhari. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 3 karibu, vipande vya mirija na sifongo visiachwe sakafuni, kwani vinaweza kumkaba koo. Miiba mirefu ya uti wa samaki ikate ncha kabla mtoto hajaushika.

SIKU YA KWANZA: mgongo wangu

1. Mtoto atafute uti wake mwenyewe.
Waambie wainamishe kichwa, kidevu kiguse kifua, kisha wapapase nyuma ya shingo pale inapokutana na mabega. Kuna kifupa kinachojitokeza. Karibu kila mtoto hukipata. Kutoka hapo washuke polepole kwa vidole. "Kuna kingine? Na kingine?" Wasipoweza kufika katikati ya mgongo, wapeleke mkono kiunoni na kupandisha juu. Waache wahesabu wanavyoweza. Hesabu sahihi si lengo.

Kila mtoto aguse mgongo wake. Akitaka kugusa wa mwenzake, aombe ruhusa kwanza, na asibonyeze shingo. Kama darasani yupo mtoto mwenye tatizo la mgongo, zungumza na mzazi wake mapema na usimtumie kama mfano mbele ya wenzake.

Sasa ndipo unapowapa jina: "Huu mnyororo wa vifupa unaitwa uti wa mgongo." Jina lije baada ya kugusa. Wakikuuliza viko vingapi, waambie mtoto kwa kawaida huzaliwa na vifupa 33 mgongoni, na akikua vile vya chini kabisa huungana vyenyewe, vikabaki 26.

2. Jaribio la rula.
Hapa watoto hucheka sana, na hapa ndipo wanapoelewa. Chukua mtoto mmoja anayejitolea. Weka rula mgongoni juu ya nguo, kuanzia chini ya shingo hadi kiunoni, uifunge kwa kitambaa kifuani bila kukaza. Rula isifike shingoni. Mwambie ajikunje kama paka aliyelala. Hawezi. Mfungue, ajikunje tena. Uliza: "Kama mgongo wako ungekuwa mfupa mmoja mrefu, ungelala vipi? Ungefungaje viatu?"

Usieleze zaidi ya hapo. Mtoto aliyeshindwa kujikunja ameshajua kwa nini uti ni vifupa vingi vidogo.

3. Watengeneze mnyororo wa vifupa.
Kila mtoto apitishe kwenye kamba kipande cha mrija, kisha kipande cha sifongo, kisha mrija, kisha sifongo, mpaka vifupa 10 hivi. Funga fundo pande zote mbili, lakini acha nafasi kidogo. Ukikaza sana mnyororo utakuwa mgumu kama rula na somo litapotea. Mirija ni mifupa. Sifongo ni vile vipande laini vilivyo katikati ya mfupa na mfupa, ambavyo huizuia isisagane tunaporuka. Kamba waambie ni njia ya habari: ndani ya uti wa mgongo wa kweli hupita mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, na mifupa huilinda.

Halafu wafinyange mnyama wa udongo na kuuzika mnyororo wao mgongoni mwake. Kazi hii huchukua muda na huchafua, ipe muda. Mtoto anayeuingiza uti kwa mkono wake ndani ya mwili wa mnyama ameliweka kichwani neno ambalo kesho kutwa utalihitaji sana: *ndani*.

4. Shingo ya twiga. (Kama muda umebaki.)
Waulize: twiga ana vifupa vingapi shingoni? Watasema mia, elfu. Jibu ni 7, sawa na mtu. Hata panya ana 7. Tengeneza minyororo miwili mbele yao, mmoja wa vipande 7 vifupi na mwingine wa vipande 7 virefu, uiweke sambamba. Mfupa mmoja wa shingo ya twiga hufikia sentimita 25. Wapimie kwa rula ile ile. Sijawahi kuona mtoto aliyesahau hili.

SIKU YA PILI: wengine wanasimamaje?

5. Uti wa samaki.
Waweke watoto kwenye duara, wakiwa na minyororo yao ya jana mkononi. Toa uti wa samaki bila kusema chochote. Waache waukunje taratibu, waulinganishe na wa kwao. Wengi watasema wenyewe: "Huu ni kama wangu!" Hapo waulize: "Samaki hana miguu. Ana uti wa mgongo?" Swali hilo dogo linakata ile dhana kwamba uti ni wa wenye miguu, na litakusaidia ukifika kwa nyoka.

6. Mwili bila mnyororo.
Walimu wengi husema tu "hawa hawana" na kupita. Mtoto anabaki na swali asiloweza kuliuliza: kama hawana, mbona hawaanguki chini kama nguo? Mpe majibu mawili ya kushika kwa mkono.

La kwanza ni puto. Lijaze maji, usilijaze sana. Halina mfupa, lakini lina umbo. Minya upande mmoja, upande wa pili unavimba na kurefuka. Hivyo ndivyo nyungunyungu anavyojisogeza: ndani ana maji, na misuli yake huyabana huku na huku.

La pili ni gamba. Viringisha karatasi ngumu kwenye kidole cha mtoto, uigundishe kama bomba. Kidole kimelindwa, lakini hakikunjiki. Sasa kata bomba hilo vipande vitatu, mrudishie kimoja kimoja. Kidole kinakunjika kwenye viungo. Huo ndio mguu wa kaa, wa panzi na wa buibui: ugumu uko nje kama vazi la chuma, na nyama iko ndani. Wewe na paka mna mifupa ndani na nyama nje. Waambie wabane mkono wao: laini juu, ngumu katikati. Kaa ni kinyume chake.

Mtoto mmoja atauliza, na asipouliza uliza wewe: kama gamba ni gumu, kaa anakuaje? Analivua. Gamba la zamani hupasuka, yeye hutoka akiwa laini na mpya, kisha gamba jipya huwa gumu. Mende mweupe ambao watu hudhani ni aina nyingine ya ajabu ni mende wa kawaida aliyetoka kujivua muda si mrefu.

7. Kiumbe hai kwa dakika 10.
Tafuta nyungunyungu au konokono wa nchi kavu. Mweke kwenye chupa au juu ya karatasi iliyoloweshwa maji. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakufa. Watoto watazame kwa kioo cha kukuzia. Anayetaka kugusa alowanishe kidole kwanza. Asiyetaka asilazimishwe. Wakimaliza, watoto wenyewe wamrudishe pale alipookotwa, kisha wote wanawe mikono kwa sabuni.

Mambo ya kuepuka hapa hayana mjadala. Usiokote konokono wa kwenye madimbwi au mito, kwa sababu maji wanamoishi yanaweza kuwa na vijidudu vya kichocho. Kiwavi mwenye manyoya huwasha. Tandu na nge wasiingie darasani hata ndani ya chupa. Jongoo atazamwe tu bila kushikwa, kwani akishtuka hutoa majimaji yanayochoma, hasa yakiingia machoni.

SIKU YA TATU: sasa picha

8. Chora duara tatu.
Ya kwanza ni ya wenye mnyororo wa vifupa ndani. Ya pili ni ya wasio nao. Ya tatu ichore katikati na uiite "bado tunachunguza". Duara hii ya tatu usiiache. Mtoto asiye na hakika anapata mahali pa heshima pa kuweka picha yake, badala ya kubahatisha ili aonekane amejua. Na wewe unapata kuona hasa wanakokwama.

Anza na rahisi: paka, kuku, samaki, kipepeo, nyungunyungu, pweza. Kila mtoto anapoweka picha, muulize swali moja lile lile: "Ndani ya mgongo wake kuna mnyororo wa vifupa?" Usiulize kama ni mgumu. Usiulize kama ana miguu.

9. Picha ngumu, moja moja.
Usizigawe zote kwa pamoja. Inua moja, jadilini, wekeni, ndipo inayofuata. Hizi ndizo zinazoleta kelele, na majibu yake ni haya.

*Nyoka na nyungunyungu.* Wana umbo moja na mwendo unaofanana kwa mbali. Nyoka kwa kawaida ana vifupa vya mgongo kati ya 200 na 400 kulingana na aina yake, na mbavu karibu mwili mzima. Nyungunyungu hana hata kimoja. Mpe mtoto mnyororo wa mirija kwenye mkono mmoja na puto la maji kwenye mkono mwingine: "Nyoka ni upi?"

*Kobe na konokono.* Wote wana nyumba, na katuni zimewafundisha watoto kwamba kobe anaweza kuivua na kutembea bila hiyo. Hawezi. Uti wake wa mgongo na mbavu zake zimeshikamana na gamba. Ukitazama gamba tupu la kobe kwa ndani, unaona mstari wa vifupa ukipita katikati. Ana mifupa ya miguu, ya shingo, ya kichwa. Konokono naye ameshikamana na kombe lake na hawezi kulihama, ila humo ndani ni nyama laini tupu. Kwa hiyo usiulize nani ana nyumba. Uliza ndani ya nyumba kuna nini.

*Kaa.* Mgumu kuliko wote mezani, na hana uti wa mgongo. Warudishie bomba la karatasi kidoleni.

*Papa.* Ana uti wa mgongo, ila umetengenezwa kwa gegedu badala ya mfupa. Waguse ncha ya sikio lao na ncha ya pua: ngumu kidogo, inakunjika. Hiyo ndiyo gegedu. Ni vizuri mtoto ajue kwamba kuna wanaoingia kundini kwa namna yao.

*Jongoo.* Sasa leta neno pingili. "Uti wa mgongo una pingili. Na jongoo ana pingili. Ni sawa?" Waache wabishane. Jibu wanalo tayari: pingili za jongoo ni gamba la nje, za kwetu ni mifupa iliyo ndani. Nililileta neno hili siku ya kwanza kwa miaka kadhaa, na kila mara jongoo alinivurugia somo zima. Tangu nilipolihamishia hapa, limekuwa swali ninalolipenda kuliko yote.

*Kiti cha pweza.* Ukimshika ni mgumu, kwa sababu chini ya ngozi ana vibamba vidogo vidogo. Lakini hana mgongo wenye mnyororo. Mikono mitano, hana kichwa. Mweke kwa wasio nao na msonge mbele.

*Popo.* Swali la popo kwa kawaida ni kama ni ndege. Ana manyoya ya kimnyama, hunyonyesha, na ana uti wa mgongo. Inatosha.

10. Makundi matano.
Kwa walio na miaka 6 au 7 tu. Wenye uti wa mgongo wamegawanyika: samaki, amfibia kama chura, reptilia kama nyoka na kobe, ndege, na mamalia kama paka na sisi. Mtoto wa miaka 4 haihitaji orodha hii sasa.

Upande wa pili usijaribu kuugawa kwa umri huu. Wewe mwenyewe elewa tu kwamba "wasio na uti wa mgongo" si ukoo mmoja. Jean-Baptiste Lamarck, mtaalamu wa Ufaransa aliyeanza kuwatenganisha hivi katika maandishi yake ya 1801, aliwataja kwa kitu wanachokosa, na jina likabaki. Nyuki na pweza wako kwenye duara moja bila kufanana. Mtoto akikwambia "lakini hawa hawafanani!", mwambie ameona vizuri, na kwamba duara hiyo inatuambia jambo moja tu kuhusu wote waliomo.

11. Pima kama wameelewa.
Tumia mnyama ambaye hamjamtaja hata mara moja: mkunga (yule samaki mrefu kama nyoka), kamba wa baharini, ruba, kinyonga. Mpe mtoto picha, mweleze kidogo anavyoishi, umuulize anamweka wapi. Kisha uliza: "Umejuaje?"

Jibu la pili ndilo unalolitafuta. Mtoto aliyemweka mkunga kwa wasio na uti akasema "nilidhani ndani ni laini kama nyungunyungu" ameelewa somo. Amekosa habari tu, na unampa: mkunga ni samaki. Aliyemweka mahali sahihi akasema "kwa sababu ni mkubwa" bado hajafika.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kusema "wasio na uti ni wadogo." Mwaka 2007 alinaswa ngisi katika bahari ya Antaktika mwenye kilo 495, bila uti wa mgongo. Na huko Papua New Guinea kuna chura wa milimita 8 hivi, aliyetambulishwa na wanasayansi mwaka 2012, ambaye uti wa mgongo anao. Ukubwa hausemi kitu.

Kusema "wasio na uti ni dhaifu" au "wa chini." Mtoto anayesikia hivyo hujifunza kuwakanyaga. Pweza ana mioyo mitatu na hupenya tundu dogo ajabu kwa sababu hana mfupa wa kumzuia.

Kuandika maelezo ubaoni na kuwataka watoto wanakili. Wa umri huu watajifunza kuandika neno "uti", na hilo ni somo jingine.

Kumuua kiumbe ili kuonyesha hana mfupa. Usifanye, hata kwa nyungunyungu mmoja. Puto linaonyesha vizuri zaidi.

Mambo yakikwama

*Mtoto hasikii vifupa mgongoni.* Mwambie akae chini, akumbatie magoti na kuinamisha kichwa. Mgongo ukipinda, vifupa hujitokeza. Bado? Mwelekeze kwenye kile cha chini ya shingo na umwachie hapo. Usiseme chochote kuhusu unene wake.

*Anayajua majibu yote lakini akikutana na mnyama mpya anabahatisha.* Amekariri picha. Rudi kwenye udongo: afinyange mnyama huyo na aamue kama anauzika mnyororo ndani au la. Mikono yake itafikiri.

*Anasisitiza samaki hana mgongo kwa sababu hasimami.* Mgongo kwake ni kusimama wima. Mlaze kifudifudi sakafuni, apapase: uti bado upo?

*Analia akiona konokono.* Mpe kazi ya mbali, kama kuhesabu dakika au kushika mfuniko. Akisogea mwenyewe, vizuri. Asiposogea leo, picha inamtosha.

*Mtoto mmoja anajibu kila swali na wengine wamenyamaza.* Mpe ulinzi wa duara ya katikati: kila picha inayoingia "bado tunachunguza" ni yeye wa kuwauliza wenzake wanafikiri nini, bila kutaja jibu lake.

*Umeulizwa usilolijua.* Itatokea, pengine siku ya kwanza. Andika jina la mnyama huyo kwenye karatasi, mtoto aliyeuliza ailaze mwenyewe kwenye duara ya katikati, na msome pamoja kabla ya somo lijalo. Kesho yake anza na karatasi hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maana mwenye swali atakuwa anakuangalia kuona kama umekumbuka.